Udi wa Kumpokea Mgeni

Kosa lilikuwa la Tunu Mihayo, na yeye ndiye wa kwanza kulisema, kabla hata hajaulizwa. Siku ile alitoa masharti kumi na manne kwa mdomo wake mwenyewe, akiyahesabu kwa vidole mpaka vikaisha, akaazima vya mama yake, watu wakacheka. La kumi na tano hakulitoa. Halikumjia. Unaweza kuwa na mama yako miaka arobaini na tisa, ukajua anavyokohoa akiwa na mafua na anavyokohoa akiwa na hasira, halafu siku moja ukasahau kitu anachokifanya kila mgeni anapovuka kizingiti chake.

Ilikuwa Ijumaa, mtaa wa Isevya, Tabora, kwenye miaka ile ambayo jua likipita saa nne asubuhi watu wanafunga madirisha na mji unabaki wa mijusi. Tunu aliwahi kabla ya joto. Alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki uliojaa maji, na ndani ya maji palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimejikunja kama ngumi.

"Hodi," alisema. "Nimemleta mgeni. Hajala, hajalala, na njia nzima hajasema neno. Nafikiri ni wa ukoo wetu upande wa baba."

Bi Nyanzala, mama yake, alikuwa tayari kwenye kigoda mbele ya tangi, khanga kifuani, mdomo wazi kama kinda. Kwanza dozi, mambo mengine baadaye. Tunu aliweka mfuko chini, akanawa bila sabuni, akazamisha kijiti cha pamba na kukipitisha taratibu kwenye minyiri ya Somo.

Somo ndilo jina ambalo Bi Nyanzala alimpa anemoni wake, mnyama wa baharini anayefanana na ua, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa sababu, alisema, anayejua siri ya moyo wa mtu ni somo yake. Mwili wake mweupe ulikuwa na upana wa sinia, minyiri ya kijani yenye ncha za zambarau, na tangu siku alipowekwa kwenye jiwe lake hajawahi kulihama. Alipoguswa alijikunja kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini. Ute ukanata kwenye pamba. Tunu akauweka chini ya ulimi wa mama yake, akahesabu mpaka thelathini, kisha akamshika mkono kusikiliza mapigo. Moyo uliokuwa ukikimbia na kujikwaa ukatulia, ukashika mwendo.

Madaktari waliuita ugonjwa ule kwa jina refu. Mtaani ni moyo-joto. Joto la miaka mingi linaufanya moyo usahau kuhesabu, na kinachoukumbusha ni ute wa anemoni aliyelishwa tone la damu ya mgonjwa kila siku kwa siku arobaini. Damu ya mgonjwa mwenyewe, si ya mwingine. Ute wa Somo kwa mtu mwingine ulikuwa sawa na maji ya kuoshea mchele.

Ndiyo maana kata nzima ilikuwa na matangi sitini na mawili, kila moja sebuleni mwa mtu, bahari ndogo yenye chumvi ya kupima, mawe, taa ya buluu na kipoza maji. Wenye nyumba wengi hawakuwahi kuiona bahari yenyewe, na waliotoka huko walisema siku hizi haina cha kutazama. Tunu, mwenye stashahada yake ya maabara na baiskeli ya betri, ndiye aliyekuwa mlezi wa matangi yote hayo. Alipima chumvi, alibadilisha maji, alizika samaki, alichekesha wagonjwa. Kuchekesha hakukuwa kwenye mkataba.

Kila tangi anemoni mmoja. Hiyo ilikuwa sheria, na haikuwa ya ukiritimba tu. Anemoni wawili ndani ya maji mamoja wanatupiana sumu kimyakimya, na wakigusana wanaunguzana. Lakini umeme wa nyumba moja ulitosha tangi moja, na katika nyumba ile sasa wagonjwa walikuwa wawili.

Wa pili alikuwa Mwavita, wifi yake Tunu. Mumewe, Kulwa, alikuwa mdogo wake Tunu, na alikufa kwa moyo-joto akiwa bado kwenye foleni ya kupewa anemoni. Eda ilipokwisha ndugu zake Mwavita walikuja kumchukua. Bi Nyanzala aliwapikia wali wa nazi, akawashukuru, akawaambia binti yao ataondoka siku atakapotaka mwenyewe. Hakutaka. Ikapita miaka mitatu, mtu na mkwewe, wakichambua mboga pamoja na kugombania redio. Kisha Ramadhani iliyopita Mwavita akaanguka jikoni, mwiko mkononi.

Kituo cha afya kilimpa ute wa kopo, wa kutengenezwa, unaomfaa mgonjwa yeyote. Ule mtu anapewa mara moja tu maishani, dozi sitini, basi. Bi Nyanzala alikwisha kumaliza za kwake zamani. Mwavita alikuwa amebakiza nne, na anemoni wake alikuwa amekwisha kulishwa damu yake kituoni siku zote arobaini. Tunu aliandika barua tatu kituoni akiomba Mwavita asisubiri foleni ya tangi, akieleza kuwa tangi la mama yake ni kubwa, limekomaa, maji yake hayajayumba kwa miaka, na mlezi anakaa dakika kumi kutoka pale. Barua ya tatu ikajibiwa: sawa, kwa dhamana ya mlezi.

Mlezi akatia saini.

Sasa akauweka mfuko ndani ya tangi, ukaelea nusu saa mpaka joto la maji ya ndani na ya nje likawa moja. Kisha akammimina mgeni kwenye ndoo safi, akashusha mrija mwembamba kutoka tangini, akaupiga fundo ili maji yapite tone, tone, tone, kwa saa mbili.

"Saa mbili zote hizo?" Bi Nyanzala aliuliza.

"Saa mbili, mama. Huyu hajui chumvi yetu. Ukimtumbukiza ghafla atashtuka kama bwana harusi aliyefunua shela akamkuta mkwewe."

Walicheka, Mwavita mpaka akashika kifua, na Tunu akamwangalia kwa jicho la pembeni mpaka alipoona kicheko kimeisha salama.

Saa mbili zilipotimia alizima pampu ya mawimbi, akaufunga mdomo wake kwa sponji, maana anemoni asiyepata pa kushika huzurura, na akizurura pampu humvuta na kumkata vipande. Akapunguza taa. Akamweka mgeni kwenye ufa wa jiwe upande wa kushoto, mbali na Somo, ukuta wa mawe katikati yao. Walisubiri. Kwa muda mrefu yule mgeni alilala ubavu kama kitambaa kilichoanguka. Kisha mguu wake ukapapasa, ukapata jiwe, ukashika kidogo.

Hapo ndipo Tunu alipotoa masharti. Pampu isiwashwe mpaka arudi. Chakula hapana, siku nne. Mkono ndani ya maji hapana, hasa mkono wenye mafuta ya nywele. Taa isiguswe. Dawa ya mbu isipulizwe nyumba nzima, hata wakija mbu wenye viti vyao. Aliendelea hivyo mpaka vidole vya mama vikaingia kazini.

Bi Nyanzala alikuwa ameinamia kioo. Alikuwa akimtazama mgeni kwa uso ambao Tunu hakuwa ameuona tangu msiba.

"Sasa huyu tumkaribisheje?" aliuliza.

Tunu alikuwa anafunga begi. Kulikuwa na tangi huko Ipuli lililokuwa likivuja, na jua lilikuwa linapanda.

"Mkaribishe kama mgeni mwingine yeyote, mama," alijibu. "Ila usimpe kiti."

Wakacheka, akaondoka.

*

Alirudi saa kumi alasiri. Alinusa akiwa bado langoni.

Kwanza ilimjia kama raha, maana ilikuwa harufu ya utotoni mwake, ya Idi, ya harusi, ya shangazi kuwasili kutoka Ujiji na mabegi manne. Alichukua hatua mbili na raha yake. Hatua ya tatu akaanza kukimbia.

Sebule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya joto, na moshi ulikuwa umekaa hewani kama pazia. Chetezo kilikuwa sakafuni, chini ya tangi kabisa, makaa bado mekundu. Pembeni yake kulikuwa na mrashi wa shaba, ule wa bibi yake, mtupu. Bi Nyanzala alikuwa amevaa gauni lake la Idi na kujitanda mtandio. Alimwambia Tunu, kwa furaha ya mtu aliyemaliza wajibu, kuwa mgeni amekaribishwa vizuri. Udi wa maana, si ule wa dukani. Na marashi alimnyunyizia mara tatu, kwa juu, kama anavyonyunyiziwa mtu kichwani. Mkono hakuutia majini. Alikumbuka.

Mlezi wa matangi anajua kitu ambacho mwenye nyumba hana sababu ya kukijua. Kila tangi lina chujio la povu, na chujio lile huvuta hewa ya chumbani kupitia mrija mdogo, likaisaga iwe viputo laini, likaichanganya na maji. Linapumua. Kilichomo chumbani kinaingia majini. Tunu alikuwa amezima pampu ya mawimbi. Chujio alikuwa ameliacha likifanya kazi, kama inavyotakiwa, na lilikuwa limevuta udi kwa saa tatu.

Maji yalikuwa na utando wa mafuta, unang'aa rangi rangi.

Somo hakuwepo kwenye jiwe lake. Baada ya miaka kumi na tisa palibaki alama nyeupe ya duara, kama ukutani palipoondolewa picha. Yeye alikuwa chini, kwenye mchanga, amesinyaa ukubwa wa chungwa, mdomo umefunguka. Upande wa kushoto mgeni alikuwa ameachia jiwe na anayumba, utumbo umeanza kutoka.

Tunu aling'oa waya wa chujio. Akafungua dirisha, joto likaingia kama mtu anayedai deni lake. Akamwaga mkaa wa kuchujia kwenye mfuko, akauzamisha, akatoa chetezo nje. Mikono ilifanya yote hayo yenyewe, huku kichwa kikihesabu, na kila alivyohesabu jibu lilikuwa moja. Mkaa ungeyasafisha maji yale kwa siku moja na nusu. Anemoni hawakuwa na siku moja na nusu. Walikuwa na saa chache, na atakayefia mle angeyaozesha maji na kumwua mwenzake.

Maji safi yenye chumvi iliyotulia yalikuwepo ya ndoo moja. Mapya yangehitaji siku nzima kuchanganywa na kupozwa. Pampu ya betri, moja. Kuwatia wote ndoo moja ni kuwapa ulingo. Kumpeleka mmoja kwenye tangi la jirani ni kumwekea jirani kile kile alichomwekea mama yake asubuhi, na saini ya namna ile alikuwa amekwisha kuitia mara moja.

Akapiga simu kituoni. Aliyepokea alikuwa mpole, akasikiliza mpaka mwisho, akasema lori la maji linapita Jumatatu. Kuhusu ndoo moja, kanuni ipo: anaokolewa aliyetangulia. Aliyetangulia ute wake umethibitika. Mpya bado ni majaribio. Tunu alikuwa ameweka simu kwa sauti, kwa mazoea tu. Chumba kizima kilisikia.

Bi Nyanzala alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na gauni lake la Idi. Hakuwa mtu wa kuelezwa kitu mara mbili.

"Moshi wangu," alisema.

"Maneno yangu, mama. Uliniuliza, nikakujibu mzaha."

"Mzaha wako haukuwasha makaa."

 Mwavita akaingia kutoka jikoni akiwa amebeba ndoo ya maji safi kwa mikono miwili, pampu ya betri ikining'inia ukingoni. Hakuna aliyemtuma. Aliiweka chini polepole, asimwage.

"Wifi," alisema, "mimi nitakubali utakavyoamua."

Alikuwa anasema kweli. Lakini Tunu alikuwa na macho mepesi tangu utoto, yaliyompatia kazi na kumkosesha wachumba wawili, na aliona ndoo ilipowekwa. Upande wa kushoto wa tangi. Upande wa mgeni. Pengine Mwavita mwenyewe hakujua kuwa miguu yake imechagua. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Tunu alitazama ndoo, akatazama pembeni, na hakuwahi kumwambia mtu mpaka leo.

"Mtie huyo mgeni," Bi Nyanzala alisema.

"Kanuni inasema Somo."

"Kwa Kulwa kanuni ilisemaje?"

"Mama."

"Nakuuliza. Ilisemaje?"

"Asubiri."

"Akasubiri," alisema Bi Nyanzala.

Nje palipita mtu anauza asali, akaita mara mbili, akaendelea. Tunu alimweleza mama yake mambo yote, kama anavyowaeleza wagonjwa wengine, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kulisema. Kwamba bila ute mtu mzima huishi siku ishirini, na mzee pungufu. Kwamba kituo kikimpa anemoni mpya leo, siku arobaini za damu ziko palepale, na kituo hakitampa leo, foleni ni miaka miwili. Kwamba yeye kama mlezi akivunja kanuni atanyang'anywa kazi, na hilo ni dogo. Kwamba Somo anajulikana, ana miaka kumi na tisa ya kuaminika, na huyu wa Mwavita anaweza kuokolewa leo akafa keshokutwa, wakawa wamekosa wote.

Mama yake alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri marefu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi ndiye niliyemkaribisha. Nimemfukizia udi mbele ya huyu Mwavita, nimemwambia karibu, hapa ni kwenu. Sasa jioni haijafika nimtoe nje, nilale mimi kitandani? Tunu, mimi nyumba hiyo siijui."

Tunu alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono tangini mpaka kwapani.

Mkono ulikwenda kwa Somo. Hakuutuma. Ulizoea njia ile, asubuhi kwa asubuhi, miaka kumi na tisa, na kabla hajajua vidole vilikuwa vimefika chini kwenye mchanga. Somo, aliyekuwa amesinyaa, aliikuta ile ngozi anayoijua na minyiri yake michache iliyobaki na uhai ikavishika vidole. Ikanata.  Angeweza kumwinua. Hakuna ambaye angesema neno, hata mama yake, akiona imekwisha kutendeka. Kanuni ingekuwa upande wake, na Mwavita amekwisha kukubali.

Alikaa hivyo muda ambao hakuweza baadaye kuukadiria. Alifikiria kuwa akimwinua Somo, kila asubuhi atamwekea mama yake ute chini ya ulimi, na mama atafungua mdomo, lakini hatamtazama.

Ikabidi aibandue ile minyiri, mmoja baada ya mwingine, kwa ukucha.

Kisha akapeleka mkono kushoto, akamchota mgeni kwa kiganja, maji na vyote, akamshusha kwenye ndoo.

*

Somo alikufa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Anemoni haachi maiti, anayeyuka. Tunu alimtoa kwa bakuli, ute mweupe wenye harufu ya kitu cha mbali, na Bi Nyanzala alitaka kumwona. Alilipokea bakuli, akatazama ndani kidogo, akasema alifikiri atakuwa mzito zaidi.

Mgeni alishika ukuta wa ndoo Jumapili. Jumatatu lori lilileta maji, akarudishwa tangini. Jumatano alifunguka, minyiri ya rangi ya chungwa, mizuri kupita alivyotazamia mtu yeyote. Kopo la Mwavita lilikuwa limekwisha siku moja kabla. Alikaa kwenye kigoda cha mkwewe, kwa kuwa hapakuwa na kingine, akafungua mdomo, macho amefumba. Tunu alihesabu mpaka thelathini. Mapigo yakashika mwendo. Walipogeuka, Bi Nyanzala alikuwa mlangoni amejiegemeza, anatabasamu, midomo ina rangi ya majivu.

Tunu aliandika taarifa ya kituo kwa mistari miwili: masharti hayakutolewa kamili, kosa la mlezi. Kuhusu udi hakuandika. Wakamjibu kuwa mlezi mwingine atapangwa mwisho wa mwezi.

Siku ya kumi na moja mama yake hakuamka kuchambua mboga. Walimtandikia mkeka sebuleni, alipoomba, mbele ya tangi, na Mwavita akamwekea mto wa Kulwa. Hakuonekana na maumivu makubwa. Ni kuhesabu tu kulikokuwa kunapotea. Ukimshika mkono unasikia moja, mbili, kisha pengo, kisha tatu na nne kwa pamoja kama watoto wanaosukumana mlangoni. Tunu alikuwa ameushika tangu asubuhi. Mwavita alikuwa upande wa pili, anampepea kwa upepeo wa ukindu, na hakuwa amemtazama Tunu usoni tangu siku ile, wala Tunu hakuwa amemlaumu.

Ndani ya maji mgeni alikuwa amehama. Polepole, kwa siku kadhaa, bila mtu kumwona akitembea, alikuwa amevuka ukuta wa mawe na kujiweka juu ya jiwe la katikati, kwenye ile alama nyeupe ya duara. Anemoni hufanya hivyo. Hutafuta penye mwanga mzuri.

Bi Nyanzala alimtazama kwa muda mrefu.

"Amepata pa kukaa," alisema.

Kisha akageuza kichwa kwenye mto.

"Tunu. Hebu nichekeshe kidogo."

Upepeo wa Mwavita ulisimama. Tunu alifungua mdomo. Miaka yote ile, matangi sitini na mawili, hakuwahi kuingia nyumba ya mgonjwa akakosa. Chujio la povu liliendelea kuvuta hewa ya chumba kile, likaisaga, likaipeleka majini.

"Hata ile ya bwana harusi," alisema mama yake. "Nilicheka kwa kuwa mlicheka. Mwisho wake sikuusikia vizuri. Niambie tena, mwanangu."